Mbwa Mwoga Akipokelewa Nyumbani

Mwezi huu tunapenda kuzungumza na wazazi juu ya mbwa wasio na mwenyewe, ambao watoto huwaokota na kuwaleta nyumbani. Mbwa wa namna hii mara nyingi amepigwa mawe, amekonda, ana viroboto, na akimwona mtu hukunja mkia na kujificha chini ya kichanja cha vyombo. Watoto humwonea huruma. Huruma hiyo ni njema, wala hatusemi wakatazwe. Tunasema wafundishwe, kwa maana mbwa mwenye hofu huuma ili kujikinga, na jeraha lake laweza kuleta kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu, dalili zake zikishaanza kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15.

NYUMBA NI DARASA
Mwaka 2020, shule za msingi zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19 kuanzia Machi 17 hadi Juni 29, wazazi wengi walijikuta wamekuwa walimu. Hata sasa, wakati wa likizo na baada ya masomo, mtoto hujifunza mengi nyumbani kuliko tunavyodhani. Kumtunza mbwa ni somo zuri. Mtoto mkubwa apewe daftari, aandike kila siku: amekula nini, amekunywa maji, ametembeaje, ana jeraha? Hapo amejifunza kuandika, kuhesabu siku na kuangalia kwa makini. Tena daftari hilo litamsaidia afisa mifugo, na hata daktari wa watu, iwapo jambo litatokea.

KUMPOKEA
Mzazi ndiye ampokee, si mtoto. Mbwa atengewe mahali pake penye kivuli, mbali na wapitaji, palipozungushiwa uzio. Asikimbizwe, asibanwe pembeni, wala asikaziwe macho. Mtu mzima mmoja ampelekee chakula saa ile ile kila siku, ugali na mchuzi wa dagaa watosha, kisha akae mbali kidogo akimpa ubavu. Kumpiga ili azoee ni kumwongezea hofu. Wengine huzoea kwa siku chache, wengine kwa miezi.

Katika wiki ya kwanza apelekwe kwa afisa mifugo, au afisa aitwe nyumbani, apate chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya minyoo. Lakini fahamuni kwamba chanjo huchukua wiki kadhaa kumkinga vizuri, na kama aliumwa na mbwa mgonjwa kabla ya kufika kwenu, aweza kuonekana mzima kwa wiki au miezi kisha akaugua. Kwa hiyo katika miezi ya mwanzo watoto wasimguse.

NI MWOGA AU NI MGONJWA?
Mbwa mwoga akiachwa peke yake hula na kunywa, na hali yake huwa njema siku hadi siku. Mbwa mwenye kichaa hali yake hubadilika na kuwa mbaya siku hadi siku. Si kila mmoja huwa mkali. Yuko anayenyamaza, akajificha, akadondosha mate, taya la chini likalegea na sauti ikabadilika. Hapo watu hudhani amekwamwa na mfupa, wakatia mkono kinywani. Msifanye hivyo kamwe. Afungiwe, watu wajitenge naye, na afisa mifugo aitwe mara moja.

WATOTO WAFUNDISHWE HAYA
- Wasimguse mbwa anayekula, aliyelala au mwenye watoto.
- Wasimkumbatie wala kumsogezea uso.
- Mbwa akiwajia kwa ukali, wasikimbie. Wasimame kimya kama mti. Wakianguka, wajikunje kama jiwe na kufunika shingo na masikio.
- Wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumhudumia, kwa kuwa minyoo ya mbwa huwaingia watu pia.
- Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa hata dakika moja.

AKIUMA
Osheni jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo tu. Msitie pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo haipo katika kila zahanati, basi ulizeni wapi ipo, na mkianza mrudi kila tarehe mliyopangiwa. Nendeni hata kama mbwa ni wenu, hata kama ni mdogo, hata kama amechanjwa. Daktari ndiye ataamua.

Msimwue mbwa kwa hasira. Ikiwezekana bila hatari, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, lakini msingojee siku hizo zipite ndipo mpeleke mtoto.

MTOTO ASIOGOPE KUSEMA
Hili ndilo tunalotaka mlishike kuliko yote. Mtoto aliyekatazwa kucheza na mbwa, aking'atwa, huona heri afiche jeraha kuliko kuchapwa. Jeraha dogo hupona, mzazi asijue. Dalili huja mara nyingi baada ya miezi miwili au mitatu: homa, kuwashwa palipokuwa na jeraha, kisha kuogopa maji. Hapo hospitali haina tena dawa ya kumponya. Waambieni watoto wenu leo: "Ukiumwa na mbwa, njoo useme, hutapigwa." Na ahadi hiyo itimizwe.

TUCHANJE MBWA WETU
Hapa kwetu mbwa hulinda mashamba dhidi ya nguruwe mwitu na ngedere, hivyo hatuwezi kukaa bila wao. Kati ya mwaka 2010 na 2015 mkoa wa Mtwara ulikuwamo katika mradi wa kuchanja mbwa kusini mashariki mwa nchi, chini ya Shirika la Afya Duniani. Mbwa wengi wa leo wamezaliwa baada ya hapo. Wataalamu husema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Chanjo ya mbwa mmoja ni nafuu mno kuliko matibabu ya mtu mmoja aliyeng'atwa. Basi siku ya chanjo ikitangazwa, kila nyumba itoe mbwa wake, na yule mwoga aliyeokotwa asiachwe nyuma.