Ziwa limepanda, matete hayana pa kukimbilia

UKITOKEA Mugina na mizigo yako, ukapita Nyanza-Lac kuelekea Rumonge, ziwa huwa mkono wa kushoto. Mwaka 2024 nilipopita njia hiyo, kuna mahali sikuweza kujua ziwa linaishia wapi na shamba la mtu linaanzia wapi. Michikichi ilisimama ndani ya maji, makuti yamekauka.

Mama mmoja, aliyerudi kutoka kambini Tanzania, alininyooshea kidole. "Mwanangu, kisiki kile ndipo ulipokuwa mpaka wa kiwanja changu. Kiwanja hiki nilikidai kwa watu nikakipata. Sasa ziwa nitalishitaki wapi?"

Sikuwa na jibu.

Kule pwani, Mombasa au Rufiji, bahari hupanda kwa sababu dunia inapata joto, na chumvi hupenya mashambani. Hapa maji ni matamu, na tatizo ni jingine. Tanganyika hupokea Rusizi na mito mingi, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, kule Kalemie nchini Kongo. Mvua zikizidi, kama za 2019 hadi 2020 na zile za 2023 hadi 2024, maji huingia kwa kasi kuliko yanavyotoka.

Wala si jambo jipya. Katika miaka ya 1870 Lukuga uliziba kwa mimea na tope, ziwa likapanda sana, hadi njia ilipofunguka karibu na 1878. Miaka ya 1960 lilipanda tena.

Lakini zamani, maji yakipanda, matete na mafunjo nayo yalisogea nchi kavu taratibu. Leo nyuma yake kuna nyumba, michikichi na Barabara ya Taifa namba 3. Matete yanabanwa katikati, yanazama, yanaoza. Nanyi mnaouza samaki mjue kwamba vifaranga vya sangala hujificha humo humo kwenye majani ya ufukweni. Tena matete ndiyo huvunja nguvu ya mawimbi. Yakiondoka, wimbi linagonga ukuta wa nyumba moja kwa moja. Nimeona watu wakiyang'oa wenyewe ili wapate mahali pa kuanikia ndagala. Siwalaumu sana, ila hasara yake hawaioni siku hiyo.

Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka ziwani ziachwe bila kujengwa. Ndugu unayerudi na unatafuta kiwanja cha bei nafuu Rumonge, uliza hilo kabla hujatoa pesa, kwa maana kiwanja cha ufukweni huuzwa rahisi kwa sababu.

Mama yule aliposikia habari ya mita 150, alitaka tupime. Tulianza kwenye ukingo wa maji, yeye mbele, mimi nyuma, tukihesabu hatua ndefu. Tulipita kiwanja chake, tukapita jiko lake. Hatua ya 150 ilitufikisha ng'ambo ya barabara, ndani ya shamba la mtu mwingine.