Ua wa Michungwa wa Mtoni

Anayepanda mchungwa uani Nyegina, jirani na Musoma, hana haja ya kuujengea nyumba. Ziwa Viktoria hupokea joto mchana na kulirudisha taratibu usiku, na hata Julai baridi ya huko haifikii kugandisha maji. Mti unataka mvua, udongo mzuri na mtu wa kuulinda na mbuzi.

Kaskazini mwa Ulaya usiku mmoja wa baridi kali hutosha kuua mchungwa. Ndipo wafalme na matajiri wa huko wakaanza kujenga nyumba za michungwa kwenye mashamba yao. Iliyo maarufu kuliko zote iko Versailles, Ufaransa. Jules Hardouin-Mansart aliijenga kwa ajili ya Mfalme Louis XIV kati ya 1684 na 1686: ukumbi wenye dari ya tao, urefu wake zaidi ya mita 150, umezamishwa chini ya sakafu ya bustani ya juu. Kuta zake nene huzuia baridi isipenye, na madirisha makubwa yanatazama kusini ili yapokee jua dogo la majira ya baridi. Miti inaishi ndani ya masanduku ya mbao. Joto likirejea, zaidi ya miti elfu moja hutolewa nje. Baridi ikikaribia, yote hurudishwa ndani. Kusawazisha joto na mwanga namna hiyo si rahisi. Huko Kew, London, William Chambers alijenga nyumba ya namna hiyo mwaka 1761, nzuri sana kwa macho, lakini mwanga uliopita madirishani ulikuwa hafifu na michungwa haikustawi.

Afrika Mashariki ina jengo la kifalme lililopangwa kwa mantiki iliyo kinyume kabisa, nalo ni kasri la Mtoni, Unguja.

Seyyid Said bin Sultan, sultani wa Omani na Zanzibar, alilijenga ufukweni, kaskazini ya Mji Mkongwe, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1820. Binti yake Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844 na baadaye akaitwa Emily Ruete, alilieleza katika kumbukumbu alizochapisha Ujerumani mwaka 1886. Anataja ua mpana uliokatwa na maji ya mto, tausi, swala na mbuni wakitembea humo, na roshani ya mviringo ya mbao iliyotazama bahari, ambako baba yake alipenda kutembea huku na huko akiwa na mawazo. Mwisho wa ua palikuwa na vyumba vya kuogea visivyopungua kumi na viwili, na mbele yake safu ya michungwa iliyochanua kwa wingi. Miti ilikuwa mirefu kiasi kwamba watoto waliipanda kumkimbia mwalimu wao mkali.

Safu hiyo ilikuwa na kazi ya ujenzi. Kuta za Unguja wakati huo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na paa zilibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Maisha ya watu wengi yalimiminika uani, na ua usio na kivuli ni mateso saa sita mchana. Versailles jengo liliuhifadhi mti. Mtoni mti ulilihifadhi jengo, ukatoa na harufu ya maua pale watu walipotoka kuoga.

Wala mti huo haukuwa mgeni pwani. Vasco da Gama alipofika Mombasa Aprili 1498, mtawala wa mji alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Hiyo ni miaka 188 kabla ya Hardouin-Mansart kukamilisha kazi yake.

Fahari ya makasri ya Unguja ilitoka kwenye biashara na kwenye mashamba ya mikarafuu yaliyolimwa na watumwa, na jasho lao limo ndani ya kila ukuta. Ni haki litajwe mgeni anapoonyeshwa uzuri wa Kidichi, pia Unguja, ambako Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, Shehrzade, mahamamu mwaka 1850: kuba zenye matundu ya kupitisha mwanga, na kuta za chokaa zilizochongwa ndege na maua.

Kidichi imesimama vizuri. Mtoni ni magofu, yamebaki kuta, matao na sehemu za vyumba vya kuogea. Kazi ya kuimarisha mawe inastahili kuungwa mkono, ila mipango ya ukarabati isiishie kwenye chokaa. Maelezo ya Salme yanaonyesha safu ya michungwa ilikuwa wapi, na miche yake haina gharama kubwa. Ikipandwa upya mbele ya vyumba hivyo, mgeni ataelewa kwa nini ua ulipangwa vile.