Kunyamazisha Jeni: Nafasi ya Uzamivu katika Selimundu

Jeni yaweza kunyamazishwa pasipo kukatwa. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha, kwa minyoo wadogo wa maabara, kwamba RNA yenye nyuzi mbili huifanya seli iharibu ujumbe wa jeni kabla haujazaa protini. Walitunukiwa Nobeli mwaka 2006. Mwaka 2018 Marekani ikaidhinisha patisirani, dawa ya kwanza ya aina hiyo.

Kwetu tunaohudumia wagonjwa wa selimundu, jeni ya kutazamwa ni BCL11A. Baada ya kuzaliwa, hiyo ndiyo huzima himoglobini ya kijusi, ile ya mtoto akiwa tumboni, ambayo huzuia chembe nyekundu zisijipinde kama mundu. Mnyamazishaji akinyamazishwa, himoglobini hiyo hurejea. Watafiti wa Boston walifanya hivyo katika seli za uboho za wagonjwa sita, wakachapisha matokeo yenye kutia moyo. Lakini mgonjwa hulazimika kwanza kupewa dawa kali za kufyeka uboho wake wa awali, na hospitali za kumudu kazi hiyo ni chache mno.

Hapo ndipo penye swali la uzamivu: RNA ifikishweje kwenye uboho kwa sindano ya kawaida? Dawa zilizopo hufika kwenye ini kwa wepesi. Uboho ni mgumu zaidi. Mwombaji na achague maabara yenye seli za wagonjwa, si kompyuta pekee.

Mgonjwa naye asiache haidroksiyurea aliyoandikiwa. Nayo huongeza himoglobini ileile, na ipo leo.