Mlenda wa Wagogo: Mboga ya Masika, Kitoweo cha Kiangazi

Mlenda ni jina la mboga za majani za aina kadhaa zenye utelezi, ambazo Wagogo wa Mkoa wa Dodoma huzichuma wakati wa mvua na kuzila mwaka mzima. Kwa Kigogo huitwa ilende. Baadhi ya mimea hiyo ni ndugu wa ufuta, hasa Ceratotheca sesamoides, wenye maua ya zambarau hafifu, na Sesamum angustifolium, wenye majani membamba. Mingine ni ya jamii ya Corchorus, yenye vijiua vya njano. Hiyo ndiyo Waluhya wa Kenya huila kwa jina la mrenda, na Wamisri kwa jina la molokhia. Mchumaji wa Ugogo hahitaji majina hayo ya kitaalamu. Hulisugua jani kwa vidole, na likitoa ute anajua amepata mboga.

Wanaoula mlenda si Wagogo peke yao. Wanyaturu, Warangi, Wasandawe na Wazigua wanao pia, kila kabila na mapishi yake. Lakini ukiutaja mlenda mahali popote Tanzania, mawazo ya watu huenda Dodoma, na watani wa Wagogo hawajaacha kuutumia kuwachokoza.

Ugogo ni nchi kame. Mvua ya mwaka mzima kwa kawaida ni milimita 500 hadi 700, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili, pengine kuanzia siku za mwisho za Novemba. Baada ya hapo mbingu hufunga kwa miezi saba. Ndiyo maana nafaka za asili za huko ni uwele na mtama, mazao yanayostahimili ukavu, na ndiyo maana mifugo ina heshima kubwa katika maisha ya watu. Mlenda huota wenyewe katikati ya hali hiyo. Mvua za kwanza zikishalowesha ardhi, huchipuka mashambani katikati ya mistari ya uwele, kandokando ya mazizi palipo na mbolea, na katika mashamba yaliyopumzishwa. Hakuna anayeupanda, wala hakuna anayeutilia maji.

Wakati unapochipuka ndio unaoupa thamani. Januari na Februari ni miezi migumu katika kaya nyingi za wakulima wa huko. Nafaka ya mwaka uliopita inakaribia kwisha, mpya bado iko shambani, na kazi ya palizi inadai nguvu. Kunde na maboga yaliyopandwa bado ni machanga. Mboga hii isiyopandwa huwa imekwisha kuwa tayari, na ugali, hata ukiwa mdogo, hupata kitoweo. Kwa hiyo mkulima anayepalilia haling'oi kila jani lisilo uwele. Katika vitabu vya kilimo mlenda ni gugu, lakini mkono ulioshika jembe Ugogo huuruka kwa makusudi.

Kuchuma ni kazi ya wanawake na wasichana, na hufanywa pamoja na kazi nyingine: wakati wa kutoka shambani, kuteka maji au kuokota kuni. Hukatwa ncha changa na majani laini ya juu, shina likaachwa. Mmea uliokatwa ncha huchipua matawi ya pembeni, na baada ya siku chache unachumika tena. Anayeng'oa shina zima amekula mara moja tu, na hilo binti hufundishwa akiwa bado mdogo. Mimea inayozeeka mwishoni mwa mvua huachwa ikauke na kumwaga mbegu zake, kwa kuwa hizo ndizo mboga za mwaka unaofuata. Mlenda wa porini na wa kando ya njia huwa wa yeyote aliyewahi. Majani ya kunde au ya maboga, yaliyopandwa na mtu, huombwa kwa mwenyewe.

Mapishi ya mlenda mbichi ni mepesi kuliko ya mboga nyingine yoyote ya majani. Majani huchambuliwa, vijiti na nyasi vikatolewa, kisha huoshwa haraka kwa maji mengi. Hayalowekwi, maana yakikaa majini huanza kutoa ute wake kabla ya kufika chunguni. Maji kiasi hubandikwa mekoni, hutiwa chumvi na kipande kidogo cha magadi, na yakichemka majani huingizwa yakiwa mazima au yamekatwakatwa. Mafuta hayatiwi, wala kitunguu hakikaangwi. Baada ya dakika chache majani hulainika, na hapo huchukuliwa upekecho, kijiti chenye meno au matawi mafupi upande mmoja, ukazungushwa kati ya viganja viwili mpaka mboga ishikamane na kuvutika. Asiye na upekecho hutumia mwiko, ila kazi yake huwa ndefu zaidi.

Magadi ndiyo yanayobeba siri kubwa ya chungu hiki. Hulainisha majani kwa haraka, hulinda rangi yake ya kijani na kuuimarisha utelezi. Kaya zisizo na magadi zilitumia, na baadhi bado hutumia, maji ya jivu: jivu la mabua au la majani fulani huwekwa kwenye chombo chenye matundu chini, likamiminiwa maji, na yale yanayochuruzika ndiyo hutiwa chunguni. Kipimo hakihitaji ukarimu. Magadi yakizidi mboga huwa na ladha ya sabuni, na vitamini C huharibika zaidi. Nyanya nayo ina kanuni yake. Uchachu wake hukata utelezi, hivyo mpishi anayeipenda hutia moja au mbili, na mwenye kupenda mlenda wa kuvutika kabisa huiacha. Wageni kutoka mikoa mingine wanaoogopa ute hushauriwa kuongeza nyanya. Ushauri huo unasaidia, ijapokuwa Mgogo wa kijijini anaweza kuuliza kama kilichobaki bado ni mlenda.

Kanuni ya tatu ni kutofunika chungu. Mlenda ukichemka hupanda kwa povu na kumwagika mekoni, na aliyefunika akaenda kuchota maji hurudi akakuta moto umezimwa na kitoweo kimepungua.

Baadhi ya wapishi huuchanganya na majani ya kunde, ya maboga au ya mbuyu, au na bamia. Nyongeza inayopendwa zaidi ni karanga zilizotwangwa, zinazoupa uzito na mafuta ambayo majani hayana. Kuhusu karanga Ugogo ina kisa chake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa, katika nchi ya Wagogo, mradi mkubwa wa karanga kwa matrekta na fedha nyingi. Ukame, udongo mgumu na mipango mibovu viliushinda, na mwaka 1951 ukaachwa. Karanga zinazoingia kwenye mlenda leo hutoka katika mashamba madogo ya wakulima ambao ushauri wa wazee wao haukutafutwa wakati ule.

Mlenda mbichi, hata hivyo, ni wa miezi michache. Ustadi halisi wa Wagogo uko katika kuukausha. Majani huchumwa kwa wingi zaidi kadiri mvua zinavyopungua, Machi na Aprili, kwa sababu kukausha katikati ya masika ni kukimbizana na mawingu. Huanikwa yakiwa mabichi, bila kuchemshwa. Hapo mlenda unatofautiana na majani ya kunde, ambayo aghalabu huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa; mlenda ukichemshwa kabla ya kukaushwa hupoteza ute katika maji yanayomwagwa. Zamani mahali pa kuanikia palikuwa juu ya tembe, nyumba ya Kigogo yenye kuta za miti na udongo na paa bapa la udongo. Paa hilo liliweza kubeba mtu, lilipata jua siku nzima na halikufikiwa na mbuzi. Tembe zilipungua sana baada ya Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, iliyowahamishia watu katika vijiji vya Ujamaa, na baadaye kwa kuenea kwa mabati. Sasa mlenda huanikwa kwenye mkeka, turubai, viroba vilivyofumuliwa, au juu ya kichanja.

Majani yakikauka hadi kuvunjika yakishikwa, hutwangwa kwenye kinu na kuchekechwa. Unga wake ni wa kijani kilichofifia, mwepesi, na hutimua vumbi linalowasha pua. Ulihifadhiwa katika vibuyu vilivyozibwa vizuri, na siku hizi katika ndoo na makopo ya plastiki. Ukiwa mkavu kabisa hudumu hadi masika mengine. Adui wake ni unyevu: chombo kilichozibwa kabla majani hayajakauka vizuri huota ukungu. Jua kali nalo lina hasara yake, kwa kuwa huteketeza sehemu ya karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Anayekausha kivulini penye upepo hubaki na rangi nzuri zaidi na chakula bora zaidi, ingawa husubiri kwa muda mrefu kidogo. Chuma na kalsiamu hazidhuriwi na jua.

Mapishi ya unga humalizika kwa muda mfupi sana. Kwa familia ndogo hutosha maji ya lita moja, chumvi, magadi ya ncha ya kidole na unga wa vijiko viwili au vitatu vya chakula. Maji yakichemka, unga hunyunyizwa kidogo kidogo kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukizungusha upekecho au ukikoroga kwa mwiko. Ukimwagwa wote kwa mkupuo hufanya mabonge yasiyoyeyuka. Dakika tano hadi kumi zinatosha, na kuni zinazotumika ni chache, jambo lisilo dogo katika nchi yenye miti michache. Kazi iliyoonekana nyingi wakati wa masika, ya kuchuma, kuanika na kutwanga, hapa inalipa: mwanamke aliyerudi jioni na ndoo ya maji kichwani anaweza kuwa na kitoweo tayari kabla ugali haujaiva.

Ugali wa kuliwa na mlenda hupikwa mgumu, wa uwele au mtama, kwani ugali laini huteleza na kuvunjikia bakulini. Tonge hufinyangwa, hutiwa kishimo kwa dole gumba, huchovywa na kuzungushwa kidogo ili kukata uzi wa ute, kisha hupelekwa mdomoni. Hapo ndipo mgeni hutambulika. Anayevuta tonge moja kwa moja huchora mstari kutoka bakulini hadi kifuani, na watoto hucheka. Wazee wasio na meno na watoto wanaoanza kula ugali huupenda kwa kuwa hauhitaji kutafunwa sana.

Kwa desturi mlenda ni chakula cha nyumbani. Mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, au mbuzi mwenye nyumba akiwa na uwezo, na maziwa mgando hutolewa yakiwapo. Kumwandalia mkwe mlenda mtupu kungeonekana ni upungufu. Hilo halimaanishi kwamba mboga hii inadharauliwa na wenyewe. Katika njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo huikumbuka kwa jina la Mtunya, majeshi ya vita vya kwanza vya dunia yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha ukame ukafuata na watu wengi wakafa. Katika nyakati kama hizo vyakula vya porini ndivyo hubaki, na jamii iliyopita huko haiwezi kuyaita majani ya aina hiyo takataka.

Mjini hali imegeuka kwa namna isiyotarajiwa. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mji umejaa watu wa kila kabila, na mlenda umepanda hadi kwenye meza za hoteli na migahawa, ukiwekwa kando ya nyama choma kama chakula cha asili. Katika soko la Majengo unga wake huuzwa kwa vikombe na katika mifuko midogo, na wasafiri huununua kupelekea jamaa zao Dar es Salaam. Mlenda wa jamii ya Corchorus umeanza pia kulimwa bustanini kwa kumwagilia, na mbegu za mboga za asili kama hiyo huhifadhiwa na kuchunguzwa katika kituo cha utafiti wa mboga cha kimataifa kilichoko Arusha. Ule wa jamii ya ufuta, ambao wapishi wengi wa Ugogo wanauona kuwa bora zaidi kwa ladha, kwa sehemu kubwa bado ni wa kuchumwa.

Tatizo jipya linatoka shambani. Dawa za kuua magugu zinazidi kutumika badala ya palizi la jembe, na dawa haina macho ya kuuruka mlenda. Sehemu nyingine huutokomeza kabisa. Sehemu nyingine mmea huonekana mzima ilhali umekwisha kunyunyiziwa. Anayechuma katika shamba lisilo lake amuulize mwenye shamba kwanza kama amepiga dawa, na anayenunua sokoni amuulize muuzaji mboga imetoka wapi.