Fahamu: Kichocho na Pamba ya Simiyu

Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Bariadi, ni katika mikoa mashuhuri kwa zao la pamba. Na kwa kuwa pamba hiyo huchumwa kwa mikono, siha ya mkulima ndiyo rasilimali yake ya kwanza.

Adui mmoja wa rasilimali hiyo ni kichocho. Vijidudu vyake hukulia ndani ya konokono wa majini, kisha hutoka na kuelea katika malambo na vidimbwi, vikapenya ngozi ya mtoto anayenywesha ng'ombe au ya mama anayechota maji, hata mkojo ukageuka mwekundu kwa damu, na mgonjwa akabaki mnyonge, masomo na kazi vikamlemea. Maradhi haya hayaui upesi, na hiyo ndiyo hila yake: kaya hudhoofika kidogo kidogo, bila matanga, wala hasara haihesabiwi na mtu.

Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli, ambayo shuleni hugawiwa kwa kumsimamisha mtoto kando ya kijiti chenye alama, urefu wa mtoto ukaamua idadi ya vidonge. Lakini mtoto aliyetibiwa akirudi lamboni huambukizwa tena. Kwa hiyo, kwa rai yangu, mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Viktoria hadi Bariadi na wilaya jirani ni jambo la uchumi sawasawa na kiwanda.

Nawe msomaji, uonapo damu katika mkojo wa mwanao, usione haya, mpeleke zahanati.