Je, Wajua? Barabara ya Upweke

Mwaka 1986 jarida la Life liliibandika Barabara Kuu namba 50, jimboni Nevada, Marekani, sifa ya kuwa barabara yenye upweke kuliko zote nchini humo. Jimbo halikununa. Lilichapisha kijitabu cha kugongea mihuri katika miji ya njiani, na hapo watoto husahau kuuliza, "Bado tu hatujafika?" Kutoka Ely hadi Eureka ni kilomita 124 hivi bila kituo cha mafuta, kwa hiyo jaza tangi na ubebe maji. Gari likipanda milimani, pakiti za krispi huvimba kwa kuwa kanieneo ya hewa ya nje imepungua. Na mito ya huko? Haifiki baharini, huishia maziwani au kwenye mbuga za chumvi, jua likamalizia.