Dawa za shambani: ngozi ndiyo mlango mkubwa wa sumu

WAKULIMA wengi wanaopulizia dawa za kuua wadudu hujihadhari zisiingie mdomoni na puani. Hufunga kitambaa usoni, hukaa upande unaotoka upepo, na kazi ikiisha hunywa maziwa wakiamini kuwa yataondoa sumu. Lakini dawa hiyo hiyo huichanganya kwa mikono mitupu, na hushinda na shati lililolowa kwa bomba linalovuja mgongoni.

Wataalamu wa afya kazini wanasema hapo ndipo kosa lilipo. Kwa mpuliziaji, sehemu kubwa ya sumu huingia mwilini kupitia ngozi, si kwa mdomo wala kwa pumzi.

Ngozi ina tabaka la juu la seli zilizokufa, zilizoshikana kwa mafuta. Tabaka hilo huzuia maji vizuri, na sehemu nyingi za mwili ni jembamba kuliko karatasi. Vitu vinavyoyeyuka kwenye mafuta hupenya humo polepole hadi kwenye mishipa midogo ya damu. Dawa nyingi za wadudu ni za namna hiyo. Zile za maji mazito, ambazo hugeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa kwenye maji, hupenya kwa urahisi kuliko za unga mkavu kwa sababu zimeyeyushwa kwenye vimiminika vya mafuta.

Sehemu za mwili hazilingani

Mwaka 1971 watafiti wa Marekani, akiwamo daktari wa ngozi Howard Maibach, walichapisha matokeo ya kupima dawa ya parathioni kwenye ngozi ya watu waliojitolea. Ilipopakwa kwenye mkono, kati ya kiwiko na kiganja, iliingia mwilini kiasi cha asilimia 9. Kiganjani iliingia asilimia 12, kwenye paji la uso asilimia 36 na kwapani asilimia 64. Kwenye ngozi ya korodani iliingia karibu yote.

Parathioni imepigwa marufuku katika nchi nyingi, lakini ndugu zake wa kundi la oganofosfeti wangali wakitumika. Profenofosi inayopuliziwa kwenye nyanya na pamba ni mmoja wao.

Kwa takwimu hizo, bomba linalovuja si hasara ya dawa peke yake. Dawa hutiririka mgongoni, hulowesha suruali na kukaa kinenani kwa saa kadhaa, mahali ambapo ngozi haina kinga kubwa. Mkulima anayejifuta jasho la uso kwa mkono wenye dawa naye huihamisha kutoka mahali inapopenya kidogo kwenda inapopenya sana. Joto, jasho na michubuko huongeza kasi hiyo. Ndiyo maana inashauriwa kupulizia asubuhi au jioni.

Maziwa hayasaidii kwa sababu dawa iliyopita kwenye ngozi haikupitia tumboni. Tayari imo kwenye damu. Dawa za oganofosfeti huzuia kimeng'enya kinachotuliza neva, na dalili zake ni kichwa kuuma, jasho jingi, mate kujaa, macho kuona ukungu, kutapika na misuli kutetemeka. Mara nyingi dalili hizo hudhaniwa kuwa ni malaria au uchovu wa jua. Mgonjwa apelekwe hospitali haraka pamoja na chupa ya dawa au kibandiko chake, ili daktari ajue anatibu nini.

Maji na sabuni kwanza

Kinga si ya gharama kubwa. Wakati wa kuchanganya ndipo hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa dawa bado haijazimuliwa. Mkulima avae glovu za mpira zisizotoboka. Glovu za ngozi au kitambaa hunyonya dawa na kuibana mwilini. Miguu ya suruali ikae nje ya mabuti, si ndani, na bomba likaguliwe kwa maji matupu kabla ya kutiwa dawa.

Dawa ikimwagikia mwilini, nguo ivuliwe na ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni papo hapo, si jioni baada ya kazi. Kadiri dawa inavyokaa ndivyo inavyozidi kuingia. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, na anayefua naye avae glovu.

Tahadhari hii inawahusu pia wenye maduka ya pembejeo. Anayefungua chupa na kuwapimia wateja dawa kidogo kidogo hugusa dawa kali kila siku, pengine kuliko mkulima apuliziaye mara moja kwa wiki. Zaidi ya hayo, mteja huondoka na chupa isiyo na kibandiko, asijue kama dawa yake ni ya mstari mwekundu, ulio wa sumu kali kabisa, au wa kijani. Kumuuzia chupa ndogo iliyofungwa kiwandani, na jozi ya glovu pamoja nayo, ni biashara iliyo salama kwa wote wawili.